Barua ya Chumba cha Sita

Barua tano alizisukuma mwenyewe. Ya sita ilivutwa.

Mfamasia aliona vizuri kabisa, kwa kuwa alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango, nusu ya karatasi ikiwa bado upande wake na vidole viwili vikiwa juu yake. Hakusukuma. Karatasi iliteleza ndani taratibu, bila kukwama, jinsi mtu mwenye adabu anavyopokea kikombe, na vidole vyake vikabaki vimegusa saruji tupu.

Kisha akatafuta sababu. Sakafu ya ndani imeinama. Au ni upepo, kupitia dirisha la nyuma. Lakini chumba cha sita hakikuwa na dirisha la nyuma. Hilo alilijua kwa sababu wiki iliyopita alikuwa amekipima kwa nje, mita tatu na sentimita ishirini kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na akachora kila tundu la nyumba ile kwenye karatasi ya miraba. Alifungua daftari, akaandika: "Na. 6, imefikishwa, saa nne na dakika kumi asubuhi." Akajipangusa magoti.

Chumba hicho hakikuwa na mpangaji. Kilikuwa na kufuli lililoliwa na kutu, na baba yake, alipokuwa hai, hakuwahi kukipangisha. Alisema ni cha kuwekea vitu. Lakini nyumba ilikuwa na milango sita, na mwongozo wa kuuza nyumba bila dalali, ambao aliupata mtandaoni na kuuchapa kurasa kumi na tisa, ulisema notisi ifikishwe kwenye kila mlango. Hakutaka siku moja mtu asimame mbele ya wakili na kusema kuna mlango ulirukwa.

Alikuwa anauza kwa ajili ya mama yake. Waliishi wawili, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, ngazi sitini na nane, na nyonga ya mama ilikuwa imezikataa ngazi hizo tangu siku ya mazishi ya baba. Miezi kumi na minne mama hajakanyaga ardhi. Alikaa dirishani akitazama barabara. "Mtaa mzima naujua kwa utosi," alizoea kusema. "Yule mwenye duka la viatu, mwanangu, anaota kipara na hajui." Binti yake alicheka naye, kisha akaenda jikoni kusimama kidogo peke yake. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na nyumba ya chini, vyumba viwili, stoo, na kibaraza kinachopata jua la asubuhi. Alikubali kuwashikia kwa miezi mitatu, basi.

Dalali alikuwapo. Mtaa mzima ulimwita Kipenga, kwa sababu pengo la meno yake ya mbele lilipiga mluzi kila alipoongea kwa haraka. Alikuwa anaijua nyumba ile hata kabla baba hajainunua, na baada ya msiba alikuja kutoa pole na kujitolea kuitafutia mnunuzi. "Ila mimi, binti, ile nyumba naiuza na mpangaji wake," alisema. "Hilo ndilo sharti langu." Mfamasia alimshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, na asimtafute tena. Alikuwa amewahi kumsikia akiiita nyumba inayovuja "yenye hewa safi". Yeye alitaka mambo ya karatasi, si ya mdomo.

Karatasi yenyewe aliiandika siku mbili. Kifungu cha kwanza kilieleza kwamba nyumba inauzwa. Cha pili kilitoa siku sitini. Cha tatu hakikuwamo kwenye mwongozo, alikiongeza mwenyewe, kwa kumwonea huruma fundi cherehani wa chumba cha kwanza: "Mpangaji atakayekuwa hajapata makazi mengine ifikapo siku ya mwisho, mwenye nyumba atahakikisha amempatia mahali pa kukaa." Chini yake aliweka saini kwa wino wa bluu, mara sita, na chini kabisa, baada ya mstari wa vitone, palikuwa na kipande cha kukata na kurudisha: nimepokea, nimekubali, jina, saini, mahali ninapohamia.

Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kukirudisha chake.

"Dokta," alisema, kwani wapangaji wote walimwita hivyo hata baada ya kuwaambia mara kumi kwamba yeye si daktari, "barua yako tamu kama hukumu. Kwa hiyo nisipopata chumba, nahamia kwako? Mimi, watoto wawili na cherehani?"

"Utapata chumba, fundi."

"Nauliza tu. Kwa sababu umeandika. Na umetia saini."

Wakacheka wote wawili.

Tangazo aliliweka mtandaoni na picha kumi na nne. Mnunuzi wa kwanza, muuza vipuri vya magari, alijitokeza zikiwa zimebaki siku tatu za notisi, na walikubaliana wakutane saa tisa alasiri. Mfamasia alifika dakika kumi kabla na kumkuta yule bwana ameketi ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa mpaka juu, milango imefungwa, jasho linamtiririka. Alimgongea kioo. Yule bwana akakishusha upana wa kidole kimoja.

"Nimeshaiona," alisema.

"Umeionaje? Funguo ninazo mimi."

"Mzee wa chumba cha mwisho amenizungusha. Mpole sana. Ananiita mwanangu." Alilamba midomo. "Akanikaribisha kwake. Akaniambia pita, pita mpaka ndani. Dada yangu, hebu niambie. Chumba kile kina urefu gani?"

"Mita tatu na sentimita ishirini."

"Nimetembea." Alisema neno hilo kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. "Ukuta wa mbele nauona, siufikii. Nikasema labda macho. Nikaendelea. Nilipogeuka, mlango niliouingilia umekuwa mdogo kama kiberiti, na mwanga wake kama njiti. Nikakimbia." Alijaribu kucheka. "Mimi nauza vipuri. Sinunui kitu ambacho sioni mwisho wake."

Aliwasha gari, akaondoka bila kufunga kioo.

Mfamasia aliingia uani. Mlango wa chumba cha sita ulikuwa umefungwa, kufuli limening'inia, kutu yake haijakwaruzwa hata kidogo. Lakini palikuwa na harufu. Haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua: ilikuwa harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji ili lifagiliwe. Kisha akasikia ufagio. Ndani. Shwaa, kimya, shwaa, kimya, kama mtu anayefagia mahali pakubwa sana na hana haraka, na kila mfagio ulisikika mbali kidogo kuliko uliotangulia, ukienda, ukienda, mpaka hakujua kama bado anausikia au anaukumbuka.

Alirudi mlangoni kwa fundi cherehani na kuuliza kwa sauti ya chini, "Nani anafagia kule?"

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye pindo. "Siku zote anafagia. Sisi tulidhani unajua. Marehemu baba yako akija, anamsalimia yeye kwanza, ndipo anakuja kwetu."

"Nani, fundi?"

"Sasa mimi nimjue nani? Mimi nashona." Alikata uzi kwa meno. Kisha naye akashusha sauti. "Ila tangu barua yako, Dokta, anafagia kutwa nzima. Kama mtu anayejiandaa kuhama. Mimi mwenzio nimepata chumba, nahama kesho. Siku zako zilizobaki baki nazo."

Jioni ile alimkuta mama dirishani kama kawaida, amejifunga kanga mabegani. Alitaka kumwuliza kwa mzunguko lakini hakuweza.

"Mama, chumba cha sita kina nani?"

Mama hakugeuka. Mikono yake ilikuwa mapajani, na mmoja ukaushika mwenzake.

"Umekifungua?"

"Sijakifungua. Nimepitisha barua."

"Barua gani?"

"Notisi. Kwenye milango yote."

Sasa mama aligeuka, kwa shida, nyonga ikimuuma, na alipozungumza ilikuwa kwa mnong'ono, kana kwamba chini kule barabarani kuna mtu angesikia. "Baba yako alimkuta pale. Mwenye nyumba wa kwanza alimkuta pale. Baba yako hakuita watu wa kumtoa, alisimama mlangoni akasema: kaa kwako, nami nikae kwangu, chumba hiki ni chako, ukuta huu ni mpaka. Maneno ya mdomo tu. Miaka thelathini na moja hajavuka ukuta." Alivuta kanga mabegani. "Hukuniuliza, mama yangu. Mambo yote unayapima, hili hukuniuliza. Nisomee hiyo barua."

Alimsomea kutoka kwenye nakala iliyokuwa katika faili. Kifungu cha kwanza mama alitikisa kichwa. Cha pili akafumba macho. Alipomaliza cha tatu, mama alifumbua macho.

"Umemwandikia kwamba utampa mahali pa kukaa."

"Nilimwandikia fundi, mama!"

"Na jina la fundi umeliandika?"

"Nimeandika mpangaji."

"Na saini umetia."

"Nimetia."

Mama alirudisha uso dirishani. "Basi kesho nenda kwa Kipenga," alisema. "Na usimletee maneno ya chuo."

Kipenga alikuwa na ofisi yake kwenye benchi nje ya duka la kutoa nakala, mkoba wa plastiki kando, simu mbili mapajani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kufurahi kwamba maneno yake yamethibitika.

"Nilikwambia naiuza na mpangaji wake."

"Nilidhani unamzungumzia fundi."

"Fundi!" Mluzi ulipita kwenye pengo. "Fundi anahama na cherehani kichwani, nani amzungumzie? Binti, mimi huwa nawapeleka wanunuzi mpaka mlango ule, nabisha hodi, nasema huyu haondoki, bei ni pamoja naye, chumba chake hakiguswi. Anayekubali ananunua, anayekataa tunamsindikiza. Ndiyo kazi yote. Ndiyo maana dalali analipwa."

"Na akitoka pale? Akija kukaa na watu?"

Kipenga alizima simu moja, kisha ya pili, na kuzigeuza kifudifudi.

"Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mtu wa huruma, kama wewe. Alimwambia njoo tukae pamoja, mbona unakaa peke yako kule nyuma. Yule, binti, hali mtu wala hanyongi mtu. Anapanuka. Akiwa na ukuta na makubaliano, anapanukia kwake. Akiwa mgeni wako, anapanukia kwako." Sauti yake ilikuwa imeshuka hata mluzi haukusikika tena. "Siku ya mwisho mimi na mkewe tulikwenda kumwangalia. Alikuwa chumbani kwake, tunamsikia anaita, niko hapa, njooni, niko hapa. Tukaingia ukumbini. Tukatembea. Mkewe analia, mimi nahema, na sauti iko pale pale, mbele kidogo tu, niko hapa. Tulitembea mpaka jua likazama, binti, ndani ya ukumbi wa hatua sita. Hatukumfikia. Tukarudi, tukafunga mlango. Sikumwona tena, wala hakuna aliyemzika."

Mfamasia alifungua daftari kwenye ukurasa wa tarehe.

"Zimebaki siku ngapi?" Kipenga aliuliza.

"Mbili."

"Basi kesho mchana ingia, umwombe barua yako. Usimnyang'anye, mwombe. Ikirudi mkononi mwako yote, neno lako limefutika, linabaki la baba yako. Kisha nyumba tutaiuza na mpangaji wake, kama watu."

Walikwenda saa nane mchana, jua likiwa limekaa katikati ya ua. Wapangaji wote walikuwa wameshahama. Kamba za nguo zilikuwa tupu. Mfamasia alikuwa ameazima kwa fundi mwashi utepe wa kupimia wa mita thelathini, kwa sababu bila kitu cha kupimia miguu yake isingekubali kuingia. Kipenga alikata kufuli, akabisha hodi mara tatu, akashika ncha ya utepe na kupiga goti kizingitini. "Utafuata huu kurudi," alisema. "Usiangalie mlango, angalia utepe."

Ndani palikuwa safi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa mistari mistari, bado na unyevu, na mbele, si mbali, aliona kigoda, na juu ya kigoda karatasi nyeupe. Akaanza kutembea, utepe ukifunguka mkononi, akisoma namba kwa sauti ili asikie kitu kingine zaidi ya pumzi yake. Mita mbili. Mita tatu na ishirini, ambapo ukuta ulipaswa kumgonga paji la uso na haukuwapo. Mita saba. Kigoda kilikuwa pale pale, si mbali. Mita kumi na nne, na harufu ya vumbi lenye maji ikawa nzito mpaka akaionja ulimini, na mita kumi na tisa, na ubaridi ukamshika vifundo vya miguu kama maji ya kisima, na mita ishirini na tatu, ambapo aliona kwamba mistari ya ufagio sakafuni haikuwa na alama ya unyayo hata mmoja, si wa muuza vipuri, si wa mfagiaji, na alipotaka kuangalia kama nyuma yake kuna nyayo zake mwenyewe alikumbuka alichoambiwa na kukaza macho kwenye utepe, mita ishirini na sita, ishirini na nane, akifikiria mama yake dirishani, akifikiria utosi wa mwenye duka la viatu, akifikiria jua la kibarazani, ishirini na tisa, na ndipo goti lake likagusa kigoda.

Karatasi ilikuwa imekunjwa vizuri. Kando ya kigoda palikuwa na furushi limefungwa fundo, mkeka umeviringishwa, na ufagio umesimamishwa ukutani, ingawa hapakuwa na ukuta.

Alikuwa ameshafunga mizigo.

"Shikamoo," mfamasia alisema.

"Marahaba, mwanangu." Ilitoka karibu sana na sikio, kavu, ya taratibu, na hapakuwa na mdomo ulioitoa. "Nilikuwa nakungoja. Wengine wote waliniambia kwa mdomo. Wewe wa kwanza kuniandikia."

"Nimekuja kuomba barua yangu. Nilikosea. Naomba, tafadhali, kaa kama ulivyokaa na baba."

Kimya kilikwenda mbali sana, kikarudi.

"Unaomba karatasi?"

"Naomba karatasi."

"Karatasi chukua. Mkono wako uliileta, mkono wako uichukue."

Aliikamata, akageuka, na hapo akafanya kosa la kuinua macho: mlango ulikuwa mbali, mdogo, doa la mwanga lisilozidi kidonge, na ndani ya doa hilo kitu kilichokuwa kinapunga, ambacho kilikuwa Kipenga au hakikuwa Kipenga, na akashuka kwenye utepe kama mtu anayeshuka kamba, akikimbia namba zikirudi nyuma, ishirini na moja, kumi na sita, tisa, karatasi imekunjamana ngumini, mpaka mkono mgumu wa mzee ukamshika kifundo cha mkono na kumvuta juani.

Kipenga alikuwa ametokwa na jasho kuliko yeye. "Nimekuita mpaka koo limekauka," alisema.

"Nilikuwa mbali."

"Ulikuwa hapo." Alionyesha. Hatua mbili ndani ya mlango, utepe wote wa mita thelathini ulikuwa umelala sakafuni umejirundika kama matumbo. "Umesimama hapo hapo muda wote. Unanyanyua miguu na kuishusha."

Karatasi hakuifungua. Aliporudi nyumbani aliiweka kwenye sinki la jikoni vile vile ilivyokuwa, akaichoma kwa njiti tatu, akafungulia maji. Katika maisha yake hakuwahi kupokea karatasi yoyote bila kuisoma mbele na nyuma, hata cheti cha dawa ya kikohozi. Hii peke yake ndiyo hakuisoma. Vidole vyake vilikataa.

Kipenga alipiga simu kabla ya magharibi. "Imerudi yote?"

"Yote."

"Una hakika?"

"Nimeichoma, mzee wangu. Haipo."

Nyumba ilipata mnunuzi wiki iliyofuata, mwoka mikate aliyetaka vyumba vitano vya stoo na tanuri, na aliposikia sharti la chumba cha sita alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mimi na unga wangu, yeye na ufagio wake," alisema. "Nimeishi na mama mkwe miaka kumi na miwili, nitashindwa na huyo?" Wakasaini kwa wakili. Siku ya kukabidhi funguo, Kipenga alitaka kwanza kubisha hodi, kama ilivyo kazi yake. Alibisha. Akafungua. Chumba kilikuwa kidogo, kikavu, buibui pembeni, na mfamasia alipovuta utepe ulifika ukutani kwenye mita tatu na sentimita ishirini kamili. Hapakuwa na kigoda. Hapakuwa na harufu yoyote.

Alitaka kucheka kwa furaha. "Ameondoka!"

Kipenga alibaki kizingitini, anavuta hewa kwa pua, mara moja, mara ya pili.

"Nilitegemea kumkuta," alisema.

Na mfamasia, ambaye kwa kawaida sentensi kama hiyo ingemkosesha usingizi, aliamua kuisikia kama habari njema. Mama alikuwa anangoja. Vijana wanne wa kubeba mizigo walimteremsha ngazi zote sitini na nane kwenye kiti, mama akiwaelekeza njia nzima kama rubani, na walipomweka chini akavua ndala, akakanyaga mchanga kwa nyayo tupu.

Siku ya kumi na mbili katika nyumba mpya ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa kibarazani tangu saa moja, uso umeelekezwa kwenye jua, akibishana na jirani juu ya bei ya nyanya kupitia ukuta wa michongoma, na sauti yake ilikuwa imenenepa, sauti ya mtu mwenye mtaa. Alikuwa ameanza kutembea bila fimbo kutoka chumbani kwake, kando ya stoo, mpaka nje. Ni hatua tisa. Binti yake alizipima siku ya kwanza, kutoka mlango wa stoo, ukumbini, hadi ukingo wa kibaraza, ili kujua mahali pa kufunga chuma cha kushikilia.

Mfamasia alikuwa ukumbini anapanga faili. Vile vipande vya kurudisha alivibana pamoja, kwa mazoea, na kwa mazoea akavihesabu. Vitano. Akasita. Alijaribu kukumbuka ile karatasi ya kwenye sinki, jinsi ilivyoungua, jinsi ilivyokuwa fupi.

Harufu ilimfikia kwanza. Vumbi, na maji juu yake.

Kisha, nyuma ya mlango wa stoo, ambamo hapakuwa na kitu zaidi ya ndoo mbili na sanduku la vyombo, ufagio ulianza. Shwaa. Kimya. Shwaa. Ukienda mbali.

Hakusogea. Aliangalia chini, kwenye uwazi wa mlango, na akaona ncha ya karatasi. Ilisukumwa nje taratibu, bila kukwama, kwa adabu, mpaka ikagusa kidole cha mguu wake: kipande kilichokatwa vizuri juu ya mstari wa vitone. Nimepokea. Nimekubali. Penye jina palikuwa wazi. Penye saini palikuwa na alama ya dole gumba, mbichi, ya udongo, isiyo na mstari hata mmoja. Na mahali ninapohamia palikuwa na namba ya nyumba hii, mtaa huu, na neno moja: stoo.

"Mwanangu!" mama aliita kutoka nje, kwa furaha. "Nani anafagia huko ndani?"

Alikishika kile kipande kwa mikono miwili. Kupitia mlango wa mbele uliokuwa wazi aliona kiti cha mama, bega la mama, kanga, jua.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Basi acha, njoo ukae juani!"

Sauti ilikuja hafifu, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya uwanja. Mfamasia alianza kutembea kuelekea kwake, akihesabu, hakimbii, macho yamekaza kwenye lile bega. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Kumi.

"Mwanangu?" mama aliita. "Niko hapa."

Kumi na moja. Kumi na mbili.